Kisu cha Tatu

Goti liligoma kwenye kisu cha tisa.

Mnoa visu alikuwa amekaa juu ya kiti cha baiskeli yake, stendi imeinua gurudumu la nyuma. Miguu ilikuwa ikikanyaga pedeli, na mkanda mrefu ukilizungusha jiwe lililofungwa mbele, juu ya usukani. Visu ishirini na vitatu vya bucha vilikuwa vimepangwa juu ya gunia, vyembamba vya kuchunia upande huu, vipana vya kukatia upande ule. Mara goti la kulia likakwama katikati ya mzunguko, kama mlango uliovimba kwa mvua. Jiwe likapunguza mwendo, likasimama. Watu waliokuwa kwenye foleni ya nyama wakageuka.

"Mzee Makali, umelala?" mwenye bucha aliuliza kutoka ndani.

"Nakagua mkanda tu, bwana."

"Mkanda gani huo? Umeukagua mara tatu tangu asubuhi. Una homa?"

Foleni ikacheka. Mzee naye akacheka, maana asingecheka ingekuwa vibaya zaidi. Akalishika goti kwa mikono miwili, akalisukuma chini, likaachia kwa mlio ambao mama mmoja mwenye kikapu aliusikia, akasema, "Pole, baba." Neno hilo la pole lilimwuma kuliko goti lenyewe.

Mwenye bucha akatoka huku akijifuta mikono kwenye aproni. Hakupaza sauti. Alimsogelea, akamwinamia kama anayempa mtu habari ya msiba.

"Mzee wangu, mimi sikufukuzi. Lakini saa nne hii, na nusu ya visu bado. Kuna fundi mmoja ana mashine ya umeme, amekuja mara mbili kuniomba kazi hii. Ijumaa ijayo, kabla sijatundika nyama ya kwanza, visu vyote viwe mezani. Ikishindikana, tusilaumiane."

"Nimekunolea miaka kumi na minane."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Mwingine nisingemwambia."

Mzee akarudisha mguu kwenye pedeli. Alimaliza saa sita kasoro, shati limegandamana mgongoni. Baiskeli akairudisha nyumbani kwa kuikokota, ingawa njia yenyewe ni tambarare.

*

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani alikaa mkewe na cherehani, akishona sare za shule. Chumba cha mbele kilikuwa cha binti yao, fundi wa pasi na feni, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi, kwanza kwa wembamba wake, pili kwa kuwa hakukosa bisibisi moja kichwani, imechomekwa ndani ya kilemba. Feni zisizo na mapanga zilikuwa zimejipanga ukutani kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

"Umechelewa," mkewe alisema bila kuinua macho. "Goti?"

"Foleni."

"Foleni ya nani? Wewe unanunua nyama siku hizi?"

Mzee akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha mguu, akayatoa yote. Mkewe akasimamisha cherehani. Bucha lile lilikuwa na maduka matatu, na visu vya maduka yote matatu ndivyo vilivyoiendesha nyumba. Mikasi ya mafundi cherehani na majembe ya majirani vilikuwa vya kukolezea tu. Bucha likitoka, hakuna kilichobaki cha kuitwa kazi.

Bisibisi akatokea mlangoni, waya shingoni.

"Baba, niifunge mota hiyo baiskeli."

"Mota gani?"

"Ya kwenye gurudumu. Kuna jamaa anauza vipuri vya skuta za umeme zilizokufa. Mota inakaa katikati ya gurudumu la nyuma, spoku zinafungwa juu yake. Ukiwa barabarani inakupeleka. Ukiinua stendi gurudumu linazunguka, na jiwe linazunguka. Miguu yako inakaa kama miguu ya mfalme."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Unashika kisu, baba. Kwani kazi yako ni kisu au ni pedeli?"

Hilo mzee hakuwahi kuulizwa. Mkewe ndiye aliyejibu. "Umeme na maji na mzee mwenye goti moja. Mtanizikia mume hapa."

"Mama, hiyo volti haiwezi hata kumtekenya."

"Ndivyo ulivyosema na ile pasi."

"Ile pasi ilikuwa ya Kinyozi, na aliitia mwenyewe kwenye ndoo!"

*

Bisibisi alinunua vipuri kwa akiba yake ya miezi minne, na kwa siku tano kibaraza kiligeuka gereji. Sare za shule zilihamia kitandani. Bisibisi akaichomoa rimu ya zamani, akasuka spoku upya moja moja juu ya mota iliyokuwa nene kama sufuria dogo, kila moja akiigonga kwa kucha asikie imekaza au imelegea. Betri akaifunga kwenye pembe ya fremu ndani ya mfuko wa turubai alioshona mama yake, huku mama huyo akinung'unika kila mshono. Kishikio cha mkono wa kulia kikawa cha kuzungusha, kama cha pikipiki. Puli ya mkanda akairudisha mahali pake, akaipima kwa uzi isije ikayumba.

Kinyozi, ambaye banda lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, alivuka kila alipokosa kichwa cha kunyoa.

"Mzee, hii ikishatengemaa utaenda nayo mwezini?"

"Nitakupitia kwanza, huna kazi ya kukuzuia."

"Na hizo nyaya zote! Hii ni baiskeli au ni mgonjwa wa wodini?"

Siku ya nne Bisibisi alimwita baba yake. "Mwendo wake uwe wa namna gani?"

"Iruke," mzee alisema. Tangu ile Ijumaa hakuwa amelala vizuri. Ndotoni alikuwa akiona foleni inacheka. "Mwanangu, nataka iruke."

Akaiunganisha iruke. Jioni ya Alhamisi mzee aliizungusha mtaani, magoti yametulia, kofia ameishika kwa mkono. Watu walipiga vigelegele, na mkewe akajikuta amesimama katikati ya barabara na utepe wa kupimia shingoni, anacheka huku machozi yanamtoka.

*

Ijumaa alifika bucha kabla milango haijafunguliwa. Mwenye bucha alipowasili alimkuta ameshainua stendi na kupanga visu vya maduka mawili vilivyoletwa kwake usiku. Mzee alikizungusha kishikio. Jiwe likanguruma kwa namna ambayo halikuwahi. Mkebe wa maji, ambao siku zote ulining'inia juu ya jiwe na kudondosha tone moja moja, ukamrushia maji usoni yeye na mteja wa kwanza. Akauondoa.

Kisu cha kwanza kilitoka kizuri. Cha pili pia. Cha tatu kilikuwa cha kuchunia, chembamba, na alipokiinua alikiona: karibu na ncha, pembeni kabisa, rangi ya buluu imepita kama ile ya shingo ya njiwa.

Mnoa visu yeyote anajua maana yake. Chuma kikipata moto hadi kikageuka buluu, ugumu wake umeondoka. Makali yatakaa muda mfupi, halafu yatajikunja. Dawa ni kupunguza mwendo, kurudisha maji, na kuiondoa taratibu sehemu iliyoungua. Yeye mwenyewe aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa buluu ndogo kuliko ile.

Lakini mwenye bucha alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ala! Mzee Makali! Kumbe ulikuwa unanificha ujana!"

"Ndiyo kwanza naanza," mzee alijibu, na foleni, ile ile iliyomcheka, ikapiga makofi. Yule mama mwenye kikapu alisema, "Hongera, baba." Kusimamisha jiwe mbele ya neno kama hilo kulimshinda. Alitoa kipande cha msasa mfukoni, akakipitisha juu ya ncha mara mbili. Buluu ikafutika usoni, chuma kikabaki kilivyoungua. Akachukua cha nne. Nacho kikawa buluu. Msasa. Cha tano. Msasa. Vyote ishirini na vitatu vilikuwa mezani kabla nyama ya kwanza haijatundikwa, na mwenye bucha akampa mkono mbele ya watu.

Njiani kurudi baiskeli ilikwenda vizuri sana. Yeye alikwepa macho ya kila aliyemsalimia, kama mwizi.

*

Saa saba mchana mwenye bucha alikuja mwenyewe, na aproni yake. Hakubisha hodi. Aliukung'uta mfuko wa visu kwenye sakafu ya kibaraza, vikalia kama sufuria zilizoanguka, kimoja kikateleza hadi kwenye mguu wa cherehani.

"Mzee, nieleze. Kisu hiki kimeshindwa na ini. Ini! Kitu ambacho kibogoyo anakikata kwa fizi!"

Kinyozi alivuka barabara, mteja wake nyuma, kichwa nusu kimenyolewa nusu kina nywele. Majirani wakatoa vichwa madirishani.

Mzee alitazama visu. Makali yalikuwa yamejikunja kama ukingo wa kopo. Bisibisi alikuwa ametokea mlangoni akiwa bado na feni mkononi.

"Ni mtambo," mzee alisema. "Nilimwambia huyu binti, mimi si mtu wa mitambo. Akang'ang'ania."

"Ndiyo hayo," alisema yule wa nusu kichwa. "Mwanamke na nyaya."

Watu wakacheka kidogo. Bisibisi uso ulimsawijika, akaiweka feni chini polepole, kama anayeogopa kuiamsha.

"Sikiliza," mwenye bucha alisema. "Kesho nina shughuli mbili za watu, nyama wamelipia. Leo nimeazima visu kwa jirani kama mwombaji. Kesho saa kumi na mbili asubuhi hivi viwe mezani vinakata. Visipokata, yule fundi wa mashine anaanza Ijumaa, na visu vipya utaninunulia wewe."

Alipoondoka, mtaa uliondoka naye kidogo kidogo. Kinyozi alikuwa wa mwisho.

*

Bisibisi alichukua spana, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akaanza kulegeza nati ya ekseli. Alikuwa anaing'oa mota.

Mama yake alivikusanya visu. Alivichukua kimoja kimoja, akivigeuza kwenye mwanga, kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi asiyemwamini. Kwenye kisu kimoja cha kuchunia alisita. Chini kabisa, pale ubapa unapokutana na mpini, ambapo kidole hakifiki vizuri, palibaki mstari wa buluu. Na juu yake mikwaruzo ya msasa.

"Baba watoto. Hii nini?"

Mzee akatazama pembeni.

"Miaka thelathini nakusikia unahubiri habari ya buluu. Mpaka kuku wangu wanaijua. Leo buluu imekupita?"

Spana peke yake ndiyo iliyosikika, kri, kri.

"Niliiona," mzee alisema. "Kwenye kisu cha tatu."

Spana ikasimama.

"Cha tatu," Bisibisi alisema bila kugeuka. "Ukaendelea na ishirini?"

"Watu walikuwa wananitazama, mwanangu."

"Na hapa kibarazani uliponitaja, watu walikuwa wamefumba macho?"

Mzee alipiga moyo konde, akaipanda baiskeli, akainua stendi, akajaribu kukanyaga pedeli ili aanze kuviondolea visu ile sehemu iliyokufa. Gurudumu lilikuwa zito sasa, lina mota ndani. Alifika katikati ya kisu cha pili. Goti likalia, na yeye akalia nalo, sauti fupi ya mnyama. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemwambia pole.

Bisibisi akainuka, spana mkononi.

"Nilikuuliza mwendo gani, ukasema iruke. Mimi sikukuuliza jiwe lenyewe linataka mwendo gani. Gurudumu nalijua, jiwe silijui, na sikuuliza. Hilo ni langu, nalibeba. Lile la mbele ya Kinyozi ni lako."

"Ni langu."

"Basi. Kwa miguu yako, jiwe lilikuwa linazunguka mara ngapi kwa dakika?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Sasa ulikuwa unajuaje?"

Mzee alifikiri. "Linavuma. Likiwa sawa linavuma kama nyuki. Likizidi linakuwa nyigu."

Mkewe aliguna. Lakini Bisibisi hakucheka. Aliikaza tena nati aliyoilegeza, akaunganisha betri, akashika kishikio yeye.

"Funga macho, baba. Niambie."

Jiwe likaamka. "Nyigu," mzee alisema. Bisibisi akapunguza. "Nyigu bado." Akapunguza tena, unywele tu. "Bado … ngoja … hapo umepitiliza, hiyo ni inzi. Rudi. Rudi kidogo. Hapo! Usiguse!"

Bisibisi akaomba chaki ya mama yake ya kuchorea vitambaa, akaweka alama. Akatoboa tundu dogo kwenye kishikio, akakata kipande cha spoku iliyobaki, akakipinda kikawa pini. Ukikichomeka, kishikio hakipiti pale. Ukikichomoa, baiskeli inakwenda barabarani itakavyo.

Kisha wakafanya kazi. Mzee alishika visu, Bisibisi alilinda betri isipate joto, na mama alisimama na birika la mdomo mwembamba, akimimina uzi wa maji juu ya jiwe mpaka mkono ukafa ganzi, akabadili mkono. Hakuna aliyezungumza ila la kazi. Jua lilipozama visu vyote vilikuwa vimepita, vikavu, vimepakwa mafuta. Vilikuwa vyembamba kwa nusu kidole kuliko jana yake.

*

Jumamosi walikwenda wawili. Bisibisi hakuombwa. Alivaa kilemba safi, akatembea nyuma ya baiskeli.

Foleni ilikuwa ndefu kwa sababu ya zile shughuli. Mwenye bucha alichukua kisu cha kuchunia, akakipitisha kwenye ini. Ini likafunguka lenyewe. Akajaribu mshipa mgumu wa shingo, kipande kikaanguka. Akachukua kipana, akakigeuza.

"Vinakata." Akapima ubapa kwa kidole gumba. "Ila vimekonda."

"Vimekonda," mzee alikubali.

"Haya, yameisha. Chombo kipya hakikosi kasoro. Binti kaurekebisha mtambo, kazi inaendelea. Ijumaa kama kawaida." Akageuka kumhudumia mteja.

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Ilibaki kusema asante na kuondoka. Bisibisi alitazama ndoano za nyama juu, akizihesabu. Mzee aliishika meza kwa mkono mmoja.

"Mtambo haukuwa na kasoro."

"Enhe?"

"Mwendo nilioutaka niliuomba mimi, na fundi akanipa. Kisu cha tatu niliiona buluu. Nilijua kimeungua. Watu walikuwa wananisifu, nikaona haya kusimama, nikaifuta kwa msasa nikaendelea. Hata jana kwangu, mbele yako, nilimsingizia huyu. Binti yangu kazi yake ni safi. Iliyokuwa chafu ni yangu."

Mwenye bucha aliweka kisu chini.

"Mzee, la mtambo nilikuwa nimelisamehe. Hili la kunifutia msasa …" Akatikisa kichwa. "Nilikupa mkono jana mbele ya watu. Ukaupokea."

"Ndiyo."

Mwenye bucha alizunguka meza, akavigawa visu mafungu mawili. Fungu kubwa akalisogeza kwake.

"Maduka mawili ya kule nampa yule wa mashine. Hili la hapa, visu vinane, utabaki nalo. Na utanolea hapa mlangoni, kila kisu nikione kabla hujashika kingine. Unataka au hutaki?"

Kusimamiwa kama mwanafunzi, mzee wa miaka ile, na mvi zile.

"Nataka," alisema.

*

Walitoka. Baiskeli ilikuwa na chaji ya kutosha, lakini mzee hakuipanda. Aliikokota upande mmoja, Bisibisi akashika kiti upande wa pili. Walipita sokoni, wakapita kwa muuza mkaa.

"Vinane havitoshi," mzee alisema hatimaye.

"Havitoshi."

"Mama yako atauliza."

"Utamjibu wewe."

"Nitamjibu." Akavuta pumzi. "Shuleni kuna jiko kubwa, lina visu. Nikipeleka baiskeli hii nikawaonyesha …"

"Tukipeleka."

"Tukipeleka." Wakatembea tena. "Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo, baba. Nyingi."

"Ni haki yako. Iseme, nasikiliza."

Akaisema. Alianza kwa sauti ndogo, na ya kwanza haikuwa ya visu wala ya Ijumaa, ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Alipofika katikati sauti ilikuwa imepanda, na kilemba kimelegea. Mzee alisikiliza, akajibu mara mbili vibaya na mara moja vizuri. Bado walikuwa kwenye hayo walipoukaribia mtaa wao, na Kinyozi akawaona kwa mbali, wamechoka, wanaisukuma baiskeli ya umeme katikati ya jua. Akatoka na kitana mkononi.

"Eeh, mzee! Leo umeme umeisha?"

"Upo," mzee alijibu bila kusimama.

"Sasa mbona mnasukuma?"

"Tunazungumza."